Mwalimu amenirudishia tafakuri: nitaelezaje nilivyoandika?

BARUA

Mwalimu, salamu zangu zikufikie.

Ninasoma kozi ya jioni ya uandishi wa kubuni hapa mjini Nairobi. Kazi ya mwisho wa muhula ina sehemu mbili: hadithi fupi isiyozidi maneno 3,000, na tafakuri ya maneno 1,000 kueleza jinsi nilivyoiandika. Hadithi ninayo. Inamhusu mama anayeuza makoti katika soko la Gikomba ambaye asubuhi moja anafungua mtumba na kukuta pete ndani ya mfuko wa koti. Imefika maneno 4,200, kwa hiyo bado napaswa kuipunguza.

Shida yangu ni tafakuri. Niliandika kwamba wazo lilinijia nikiwa Gikomba, nikapata msukumo, nikaandika rasimu ya kwanza, nikaihariri, nikaboresha lugha, na nikajifunza kwamba uandishi unahitaji uvumilivu. Mwalimu wetu wa kozi akairudisha na wino mwekundu: "Hii ni historia ya hadithi. Nieleze ulivyoandika." Nimeyasoma maneno hayo mara kumi na bado sioni tofauti.

Isitoshe, sina rasimu. Huandika kwenye simu ndani ya matatu nikirudi Donholm, na Jumapili huhamia kompyuta ya saiba iliyo karibu na kwetu. Faili ni moja tu katika Google Docs, nafuta na kuandika juu yake. Ninachokumbuka ni kwamba hadithi ilianza kwa "mimi" halafu nikaigeuza ikawa "yeye", na kwamba aya ya kwanza nimeiandika upya hadi sijui ipi ilikuwa nzuri. Kuna rafiki yangu aliyeisoma mara mbili akanitumia maoni kwa WhatsApp. Mengine niliyafuata, mengine sikuyafuata. Je, nikilitaja hilo haitaonekana kazi nimefanyiwa?

La mwisho ndilo linalonitia aibu. Sentensi zangu nyingi hunijia kwanza kwa Kiingereza, na mazungumzo ya wahusika huja kwa Sheng, ndipo nazigeuza. Niliseme hilo au nilifiche?

Zimebaki siku 26.

Msomaji, Donholm

JIBU

Dada wa Donholm, salamu zimefika. Aibu weka kando, maana barua yako ina tafakuri nyingi kuliko insha uliyorudishiwa. Umetaja humu kwamba msimulizi alihama, kwamba aya ya kwanza imekutesa, kwamba rafiki alishauri na hukukubali yote, na kwamba sentensi huzaliwa kwa lugha moja zikakua kwa nyingine. Hayo manne ndiyo aliyokuwa akiyauliza mwalimu wako. Katika insha uliyafukia chini ya "nikaihariri" na "nikaboresha lugha".

Kitenzi "kuboresha" kina hila: hakisemi mkono ulifanya nini. Kila mahali ulipokiweka, kitoe na utie kitenzi cha kazi yenyewe: nilikata, nilihamisha, niliunganisha sentensi mbili, nilipasua aya, nilirudisha nilichokuwa nimefuta. Kitenzi cha namna hiyo huvuta maelezo mengine bila kusukumwa. Ulikata nini? Kilikuwa ukurasa wa ngapi? Ulijuaje kwamba hakifai? Kilipoondoka, nini kilibaki kikining'inia? Majibu ya maswali hayo yatakujazia maneno 1,000 na mengine yatabaki. "Msukumo" nao utafutie kitu cha kushikika. Kama wazo lilikuja Gikomba, uliona nini hasa: mtu akipekua mifuko kabla ya kutundika makoti? Basi sema hivyo, kwa sentensi moja, uendelee.

Jambo la pili lililokuangusha ni mpangilio. Umeandika kana kwamba kazi ilikwenda kwa foleni: wazo, rasimu, uhariri, mwisho. Watu hawaandiki hivyo. Linda Flower na John Hayes, watafiti wa Marekani, waliwarekodi waandishi wakisema mawazo yao kwa sauti huku wakiandika, na katika makala yao ya mwaka 1981 walionyesha kwamba kupanga, kuweka mawazo katika maneno na kuyapitia upya hukatizana muda wote. Mtu hupanga katikati ya sentensi, akahariri kabla hajamaliza aya, akagundua anachotaka kusema baada ya kukisema vibaya. Insha inayokwenda kwa foleni humfanya msahihishaji ashuku kwamba umekariri hatua za darasani.

Sasa tuje kwenye ushahidi, kwa sababu kumbukumbu peke yake haitakufaa. Kazi ikishafaulu, akili huinyoosha. Hutasahau kwamba ulibadilisha msimulizi, lakini utasahau kwamba ulijaribu mara mbili na mara ya kwanza ukaghairi.

Rasimu unazo. Google Docs huhifadhi matoleo ya faili yenyewe bila kuambiwa. Nenda saiba, kwa sababu kazi hii ni rahisi zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu, fungua hadithi yako, kisha bonyeza Ctrl, Alt, Shift na H kwa pamoja. Upande wa kulia utatokea mfululizo wa tarehe na saa. Gusa tarehe yoyote na utaona ukurasa ulivyokuwa siku hiyo. Yaliyoongezwa huwa na rangi, yaliyofutwa huwa yamepigwa mstari. Usibonyeze kitufe cha kurejesha toleo, maana kitalirudisha la zamani mahali pa la sasa. (Ukikibonyeza kwa bahati mbaya usilie: toleo la sasa nalo litakuwa kwenye orodha ileile.) Unachotaka ni vile vitone vitatu kando ya tarehe, ambavyo hukuruhusu kulipa toleo jina au kulitolea nakala. Fanya hivyo leo au kesho, kwa sababu Google huunganisha matoleo ya zamani ili kuokoa nafasi, na vituo vya katikati vinaweza kupotea. Majina unaweza kutoa hadi 40 katika faili moja, ila wewe huhitaji hata kumi. Kabla ya kuinuka, toka kwenye akaunti yako. Saiba ni ya watu wote.

Chagua matoleo matano: la kwanza kabisa lenye zaidi ya ukurasa mmoja, la mwisho lenye "mimi", la kwanza lenye "yeye", lililokuwapo kabla rafiki hajatoa maoni, na la leo. Nakala zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo, ili kompyuta izipange yenyewe. Faili ikiitwa "hadithi mpya mwisho kabisa 2" haimsaidii mtu.

Google haihifadhi kila kitu. Maoni ya rafiki yako kwenye WhatsApp yana tarehe na saa. Hamisha mazungumzo hayo bila picha wala sauti, yatatoka kama faili ya maandishi unayoweza kupekua. Kama mlizungumza kwa sauti, sikiliza na uandike hoja tu. Umewahi kuchapisha rasimu saiba na kulipa kwa M-Pesa? Ujumbe wa malipo una tarehe na saa, na pengine ndio utakaokukumbusha ni lini hasa ulianza kusoma hadithi kwenye karatasi. Madokezo ya daftarini yapige picha. Baada ya hapo tengeneza ratiba ya nyuma kwenye ukurasa mmoja: tarehe upande huu, tukio upande ule. Mahali penye pengo acha pengo, usibuni. "Kati ya tarehe 3 na 17 sikuandika chochote na sikumbuki kwa nini" ni sentensi halali kabisa katika tafakuri.

Tuna bahati kwamba hadithi yako haijaisha. Bado maneno 1,200 lazima yaondoke, na hayo ni zaidi ya robo. Hii ina maana kwamba unaweza kujitazama ukifanya kazi, badala ya kujikumbuka tu. Kwa wiki mbili za kupunguza, weka daftari la vikao. Kila unapoketi kuandika, hata kama ni dakika 20 kwenye msongamano wa Jogoo Road, andika mstari mmoja: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali na kifaa, idadi ya maneno ulipofungua na ulipofunga, ulichokusudia, ulichofanya, na ulipoachia. Mfano:

Jumanne, saa 12.40–1.15 jioni. Matatu, simu. 4,187 → 4,203. Nilikusudia kukata tukio la kituoni. Nilisoma upya ukurasa wa kwanza, nikabadilisha vivumishi. Niliachia hapo hapo.

Tazama mstari huo unavyosema. Mtu ameketi kukata, akainuka ameongeza maneno 16. Hakuna kumbukumbu ambayo ingekuhifadhia hilo, kwa kuwa jioni hiyo ungelala ukiamini umefanya kazi ya kupunguza.

Madaftari ya namna hii huharibika kwa njia tatu. Wa kwanza hugeuza daftari kuwa shajara ya hisia ("leo nilikuwa na furaha na hadithi yangu"). Hisia ziwe na neno moja, au zisiwepo. Wa pili hujaza vikao vya wiki nzima Jumapili usiku, na hapo tumerudi kwa kumbukumbu. Wa tatu huona aibu kuandika siku mbaya. Kikao cha sifuri kiandike. Siku uliyokata maneno 300 ukayarudisha yote kesho yake, andika vyote viwili. Huenda ndiyo aya bora ya insha yako.

Ukitaka kwenda ndani zaidi, weka kengele ya simu kila dakika 10, iwe ya mtikisiko tu, maana katika matatu za upande wenu hutaisikia. Ikitikisika, andika herufi moja ya ulichokuwa ukifanya wakati huo: B kwa kubuni sentensi mpya, P kwa kupanga, S kwa kusoma upya, H kwa kuhariri sentensi, T kwa kutafuta habari, K kwa kukwama. Vikao vinane vya nusu saa hivi vitakupa kama herufi 25. Ni chache, usizichoree chati wala kuzitolea asilimia. Zinatosha tu kukuonyesha kama siku ulizosema unapanga hakuna P hata moja.

Njia ya kusema kwa sauti, ile ya Flower na Hayes, ifanye mara mbili tu, dakika 15 kila mara, nyumbani mlango ukiwa umefungwa. Washa kinasa sauti cha simu, andika, na useme chochote kinachopita kichwani, kwa lugha yoyote kitakavyopita. Usijieleze kama anayefundisha, sema tu. Utanyamaza bila kujua, hasa pale kazi inapokuwa ngumu, kwa hiyo bandika karatasi mbele yako yenye neno SEMA. Baadaye usijaribu kuandika rekodi nzima, itakula saa nyingi. Tafuta dakika mbili ulipokwama uandike hizo neno kwa neno. Katika insha ukiri kwamba kusema kunapunguza kasi na huenda kulibadilisha ulivyoandika. Msahihishaji anayejua kazi yake atalisubiri hilo.

Sasa ile aya ya kwanza. Nashuku kosa si la aya. Unaandika kwenye simu, na faili ukiifungua kwenye simu unakutana na mwanzo wake. Kila jioni jicho lako linatua kwenye sentensi zilezile, na kioo chenyewe kinaonyesha mistari michache tu, kwa hiyo unachoweza kugusa ni neno hapa na neno pale. Ukiwa umechoka, kugeuza kivumishi ni rahisi kuliko kusogeza hadi ukurasa wa sita ambako kuna kazi. Lichunguze kwenye historia ya matoleo: hesabu ni tarehe ngapi zina rangi kwenye aya ya kwanza, na ngapi zina rangi kwenye aya ya mwisho. Kisha linganisha vikao vya simu na vya kompyuta. Kama Jumapili ndizo siku ulizohamisha aya nzima na siku za matatu ndizo ulizobadilisha maneno, umepata jambo la kweli kuhusu kuandika kwako, tena ambalo mwenzako wa darasani hawezi kulinakili.

Dawa yake ni ndogo. Unapofunga kazi, weka alama ### mahali ulipofika. Kesho yake itafute kwa kitafutio, usisogeze kwa kidole. Au fungua faili tupu ya siku hiyo, andika humo, uje uunganishe Jumapili. Jaribu wiki ya kwanza bila alama na ya pili kwa alama, uone daftari litasema nini. Matokeo yakiwa hakuna tofauti, nayo yaandike. Na ukikosa utulivu saiba, maktaba za Kaloleni na Makadara ziko upande wenu wa mji.

Ukishapata hayo yote, usiyamwage yote kwenye insha. Chagua maamuzi matatu tu. Utangulizi maneno 100 hivi, kila uamuzi maneno 250, na 150 yanayobaki yaende kwa jambo ambalo hadi leo hujalitatua. Kila uamuzi uwe na sentensi ilivyokuwa, ilivyokuja kuwa, kilichokusukuma, na ulichopoteza. Hicho cha mwisho ndicho wanafunzi husahau. Kila badiliko hulipiwa.

Kuhama kutoka "mimi" hadi "yeye" lazima kuwe uamuzi mmojawapo. Kwa Kiswahili, badiliko hilo haliishi kwenye kiwakilishi. Linaingia ndani ya vitenzi, na hapo ndipo mabaki hujificha. Kwanza tafuta nili, nika, nita, nina, ninge na sina. Kisha tafuta "angu" ili uwanase wangu, yangu, langu, changu na kwangu. Utapata pia "tangu", ziruke. Usitafute "ngu" peke yake, kwa sababu hadithi ya Gikomba itakuletea kila nguo sokoni. Kilicho kigumu ni "ni" ya mtendwa, kama katika "alinipa" au "wakanitazama": kitafutio hakitakusaidia, maana "ni" imejaa kila mahali. Hiyo isome kwa jicho, kwenye karatasi, rula ikiwa chini ya mstari. Uliza kwanza bei ya kuchapisha saiba, maana maneno 3,000 ya Kiswahili yenye nafasi mbili kati ya mistari ni kurasa 12 hadi 14. Ukipata "alinipa" iliyobaki kutoka enzi za "mimi", usiifute kabla hujaipiga picha. Ni ushahidi. Halafu jiulize kilichopotea: mama alipokuwa akisema "nikaishika pete", msomaji hakuhitaji kuambiwa anawaza nini. Ulipomwita "yeye", ulilazimika kuongeza "aliwaza kwamba" mara ngapi? Zihesabu. Huenda sehemu ya yale maneno 1,200 ya ziada iliingilia mlango huo.

Katika kupunguza, jihadhari na ujanja wa hesabu. "Mwanamke ambaye alikuwa anauza makoti" ni maneno matano. "Mwanamke aliyekuwa akiuza makoti" ni manne. "Muuza makoti" ni mawili. Hatua ya kwanza imeondoa neno bila kumwondolea msomaji mzigo, maana umeligundisha "ambaye" kwenye kitenzi. Inafaa kwa mtiririko, lakini ukiipitia hadithi yote kwa njia hiyo utapata labda maneno mia mbili, tatu. Yaliyobaki yatatoka kwa kuondoa tukio zima, pengine mawili. Unachokata kibandike kwenye faili ya "vilivyokatwa" na mstari mmoja wa sababu juu yake.

Kuhusu rafiki: kusomewa si kufanyiwa kazi, na kuficha ndiko kunakotia shaka. Pitia maoni yake moja baada ya jingine, na mbele ya kila moja andika ulifuata, ulikataa, au ulifuata kwa njia nyingine. Chagua moja ulilokataa. Kumweleza msahihishaji kwa nini ulikataa ushauri wa msomaji mzuri kunaonyesha akili yako ikifanya kazi kuliko maelezo ya mangapi uliyafuata. Kama kuna programu uliyoipa sentensi ikusahihishie, itaje pia na useme ilibadilisha nini, na kabla ya hapo soma kanuni za kozi yenu. Zima usahihishaji wa simu unaogeuza "kama" kuwa "karma"; huo hauhitaji kutajwa.

Na lile la Kiingereza na Sheng liseme, tena liwe uamuzi wako wa tatu. Waandishi wengi wa jiji hili wanaishi hivyo hivyo, ila wachache wana rasimu zinazoonyesha inavyotokea. Chukua sentensi moja na uionyeshe katika hatua zake. Huu ni mfano niliobuni:

Alichukua uamuzi wa kurudi nyumbani kwa sababu alikuwa anahisi uchovu.

Aliamua kurudi nyumbani kwa kuwa alikuwa amechoka.

Alichoka, akashika njia ya nyumbani.

Ya kwanza ina Kiingereza chini yake: kwa Kiswahili uamuzi hauchukuliwi, mtu huamua, na anayechoka huchoka, hana haja ya kuhisi uchovu. Ya pili ni sahihi na haina kosa, ila bado imefungwa kwa "kwa kuwa". Ya tatu imeiachia "-ka-" kazi ya kufuatanisha mambo, na mfuatano huo unabeba sababu ndani yake. Maneno yameshuka kutoka kumi hadi saba hadi matano. Wengi wangeishia hapo wajipongeze. Lakini "aliamua" limepotea, na pamoja nalo dalili kwamba huyu mtu alikaa akawaza. Kama hadithi yako inategemea mama kuamua atafanya nini na pete, mimi ningerudi kwenye ya pili mahali hapo na kutumia ya tatu kwingine. Uchambuzi wa aina hiyo, kwa sentensi yako mwenyewe, unakula maneno 200 bila hata kuhisi.

Kwa mazungumzo fanya vivyo hivyo. Kijana wa mkokoteni aliposema "Niaje mathe, ushafungua?" ukamgeuza aseme "Hujambo mama, umeshafungua?" ulimwongezea sarufi ukamnyang'anya umri na mtaa. Huenda ulikuwa na sababu: msomaji wa Tanga au Zanzibar, sheria ya kozi. Itaje. Huenda pia ulimwachia Sheng kijana, na mama ukampa Kiswahili cha kawaida, msimulizi akabaki kwenye sanifu. Hapo ulikuwa ukigawa lugha kwa wahusika bila kujua kwamba unafanya hivyo, na rekodi zako mbili za sauti zitakusaidia kuona ni lini mgawanyo huo hutokea: kabla ya kuandika au baada.

Siku 26 zigawe hivi: tatu za kuchimbua rasimu, 14 za kupunguza hadithi na daftari mkononi, nne za kuandika insha, mbili za kuiacha ipoe, tatu za kuchapisha, kusoma kwa sauti na kusahihisha. Insha usiianze mapema kwa hofu. Ukiianza kabla ya siku ya 18, utajikuta unaikata hadithi ili ilingane na ulichokwisha kuandika.

Ukimaliza, ipitie na kalamu nyekundu na ufute kila sentensi ambayo mwanafunzi mwingine angeweza kuiweka kwenye insha yake bila kubadilisha neno. Ile ya uvumilivu itakuwa ya kwanza kwenda.

Kurasa mbili za rasimu zenye alama za mkono, moja ya "mimi" na moja ya "yeye", ziambatishe nyuma kama inaruhusiwa. Muulize mwalimu wako kabla, kwa sababu kozi nyingine huvihesabu viambatisho ndani ya yale maneno 1,000.